Nukta Kwanta na Jirani Zake: Uhakiki wa Maelezo ya Athari za Kanieneo na Mwanya wa Chembe katika Rangi ya Nuru

Ikisiri

Makala haya yanahakiki namna sifa za nuru za nukta kwanta zinavyoelezwa, hususani pale nukta hizo zinapowekwa chini ya kanieneo kubwa au zinaposogezwa karibukaribu. Hoja kuu ni kwamba kauli mashuhuri isemayo "ukubwa huamua rangi" ni kweli kwa chembe iliyo peke yake, lakini haitoshi kwa chembe zilizo katika utando, kwa kuwa kanieneo hubadili umbali wa aina tatu kwa mkupuo mmoja: umbali baina ya atomu, kipenyo cha chembe, na mwanya uliopo baina ya chembe na chembe. Makala yanaonesha kuwa asiyetenganisha umbali huo huweza kuipa sababu moja matokeo ya sababu nyingine. Aidha, yanapendekeza kuwa Kiswahili kina maneno ya kuutenganisha, iwapo waandishi watayatumia kwa uangalifu.

1.0 Utangulizi

Mwaka 2023 Tuzo ya Nobel ya Kemia ilitolewa kwa Moungi Bawendi, Louis Brus na Alexei Ekimov kwa ugunduzi na usanisi wa nukta kwanta. Ekimov alikuwa amechunguza vioo vya rangi vyenye fuwele ndogo za kloraidi ya shaba mwanzoni mwa miaka ya 1980. Brus aliona athari ya ukubwa katika chembe za salfaidi ya kadmiamu zinazoelea katika kimiminika. Na mwaka 1993 Bawendi pamoja na wenzake walichapisha njia ya kutengeneza chembe zenye vipenyo vinavyokaribiana sana. Tangu tuzo hiyo itangazwe, maelezo mengi kwa wasomaji wa kawaida yamesimama juu ya sentensi moja: chembe ikiwa ndogo hutoa nuru ya buluu, ikiwa kubwa hutoa nuru nyekundu.

Sentensi hiyo ina nguvu ya kufundishia. Ni fupi, inakumbukika, na inaweza kuthibitishwa kwa chupa chache na taa ya urujuanimno. Hata hivyo, kazi ya uhakiki ni kuuliza maelezo yanaacha nini nje, na kile kilichoachwa kinamgharimu nini msomaji. Uhakiki huu unachunguza maelezo hayo katika viwango vitatu: kauli yenyewe, sitiari ya kisanduku inayoibeba, na hoja inayojengwa juu yake watafiti wanapopima nuru ya tando za nukta kwanta chini ya kanieneo. Mfano mkuu utakaotumika ni selenaidi ya kadmiamu, kwa sababu ndiyo nukta kwanta iliyochunguzwa kwa muda mrefu na kwa mapana zaidi.

2.0 Kauli ya "Ukubwa Huamua Rangi" na Kinachoachwa Nje

Nukta kwanta ni fuwele ya nusukipitishi yenye kipenyo cha nanomita chache. Katika nusukipitishi chochote kuna masafa ya nishati ambamo elektroni haina hali ya kukaa. Masafa hayo ndiyo pengo la nishati. Elektroni ikirushwa juu ya pengo huacha tundu chini yake, na ikirudi hutoa fotoni. Kwa selenaidi ya kadmiamu katika kipande kikubwa, pengo hilo ni takribani elektronivolti 1.74 katika joto la kawaida. Fuwele inapokuwa ndogo kuliko nafasi ambayo elektroni na tundu lake zingependa kuenea, mawimbi yao hubanwa na nishati yake huongezeka. Chembe ya kipenyo cha nanomita 4 hivi hufyonza na kutoa nuru karibu na elektronivolti 2.1, sawa na urefu wa wimbi wa nanomita 590, yaani nuru ya rangi ya chungwa.

Maelezo haya kwa kawaida huegemea mlinganyo ambao Brus aliuchapisha mwaka 1984. Katika umbo linalofundishwa mara nyingi, mlinganyo huo una vipengele vitatu: pengo la kipande kikubwa, nishati ya kubanwa ambayo hukua kadiri mraba wa nusukipenyo unavyopungua, na mvutano baina ya elektroni na tundu. Hapa pana jambo la kuzingatiwa. Mlinganyo wa awali ulikuwa na kipengele kingine kinachotokana na tofauti ya sifa za umeme kati ya chembe na mazingira yake. Kipengele hicho huachwa kwa kuwa ni kidogo na ni kigumu kukokotoa. Kwa maneno mengine, mwasisi wa hoja alikumbuka kuwa chembe ina nje. Ufundishaji uliofuata ndio uliosahau.

Kuacha huko hakudhuru pale chembe zinapoelea mbalimbali katika kimiminika chepesi. Kunadhuru pale chembe zinapokaushwa zikawa utando, kama zinavyotumika katika seli za jua, vitambuzi vya nuru na vifaa vingine vingi. Katika utando, nje ya chembe moja kuna chembe nyingine. Maelezo yasiyo na jirani hayawezi kumweleza mwanafunzi kwa nini chembe zilezile, zenye kipenyo kilekile, huonesha spektra moja katika chupa na spektra nyingine juu ya kioo.

3.0 Kanieneo na Sitiari ya Kisanduku Kinachobanwa

Sitiari inayotawala maelezo ya nukta kwanta ni ya kisanduku: elektroni imefungiwa ndani, na kisanduku kikiwa kidogo nishati huwa kubwa. Kwa hiyo, msomaji anapoambiwa kuwa kanieneo husogeza nuru ya selenaidi ya kadmiamu kuelekea upande wa buluu, huridhika upesi: bila shaka kisanduku kimebanwa, kimepungua, na rangi imefuata. Maelezo hayo ni mepesi kuaminika, na ndiyo maana yanahitaji kupimwa kwa hesabu.

Ukinzani wa selenaidi ya kadmiamu dhidi ya kugandamizwa ni takribani gigapaskali 53. Kanieneo ya gigapaskali 1, ambayo ni karibu mara 10,000 ya kanieneo ya angahewa, hupunguza ujazo wa fuwele kwa takribani asilimia 1.9, na kipenyo chake kwa takribani asilimia 0.6. Kwa kuwa nishati ya kubanwa hutegemea kinyume cha mraba wa nusukipenyo, huongezeka kwa takribani asilimia 1.2. Katika chembe tuliyoitaja, nishati ya kubanwa ni tofauti ya 2.1 na 1.74, yaani elektronivolti 0.36. Asilimia 1.2 ya kiasi hicho ni milielektronivolti 4 au 5 tu. Lakini mabadiliko yanayopimwa kwa nyenzo hii ni makumi kadhaa ya milielektronivolti kwa kila gigapaskali.

Makadirio haya ni ya jumla, ila tofauti yake ni kubwa mno kupuuzwa. Sehemu kubwa ya badiliko haitokani na udogo wa kisanduku. Inatokana na atomu kusogeleana, hivyo kubadili vifungo vyake na pengo la nishati la nyenzo yenyewe. Kipande kikubwa cha selenaidi ya kadmiamu, kisicho na kisanduku chochote cha kuzungumziwa, nacho husogea kuelekea buluu kinapogandamizwa.

Ushahidi mwingine unatoka katika salfaidi ya risasi. Nyenzo hiyo na jamaa zake hupunguza pengo la nishati zinapogandamizwa. Nuru yake husogea kuelekea upande wa mawimbi marefu. Kama sitiari ya kisanduku ingetosha, chembe zote zingesogea upande mmoja. Hazisogei hivyo, kwa sababu anayeamua mwelekeo ni mpangilio wa vifungo vya atomu.

Kuna pia mpaka ambao sitiari hii haiuoni kabisa. Kipande kikubwa cha selenaidi ya kadmiamu hubadili muundo wa fuwele katika gigapaskali 3 hivi, kikachukua muundo unaofanana na wa chumvi ya mezani. Mwaka 1994 Sarah Tolbert na Paul Alivisatos walionesha kuwa katika fuwele za nanomita badiliko hilo huhitaji kanieneo kubwa zaidi, na kwamba kadiri chembe inavyokuwa ndogo ndivyo inavyostahimili zaidi. Baada ya mpaka huo, nyenzo huwa na pengo lisilo la moja kwa moja na nuru yake hufifia. Hapo ukubwa wa chembe bado unahusika, lakini unahusika kwa njia tofauti: unaamua chembe itavumilia hadi wapi.

4.0 Mwanya: Umbali Unaosahauliwa

Nukta kwanta zinazotengenezwa katika kimiminika huvikwa molekuli za kikaboni ziitwazo ligandi. Ligandi huzuia chembe zisigandamane, na baada ya kukausha ndizo zinazoweka mwanya baina ya chembe. Ligandi ndefu kama asidi ya oleiki, yenye atomu 18 za kaboni, huacha mwanya mpana. Ligandi fupi huruhusu chembe zikaribiane hadi sehemu ya nanomita moja. Kwa kubadili ligandi, mtafiti hubadili mwanya bila kugusa kipenyo.

Mwanya unaathiri nuru kwa njia zisizopungua tatu, na kila njia ina kanuni yake. Ya kwanza ni uhamisho wa nishati: chembe iliyosisimuliwa humpa jirani nishati yake bila kutoa fotoni, na kasi ya uhamisho hupungua kwa kipeo cha sita cha umbali. Mwaka 1996 Cherie Kagan, Bawendi na wenzao walionesha uhamisho wa namna hiyo katika tando za selenaidi ya kadmiamu. Ya pili ni muungano wa mawimbi: elektroni hupenya ukuta wa nishati uliopo kati ya chembe mbili, na uwezekano wa kupenya hushuka kwa kasi ya kielelezo kadiri mwanya unavyopanuka. Ya tatu ni mazingira ya umeme: chembe iliyozungukwa na chembe nyingine haioni tena hewa au kimiminika pekee, hivyo nishati yake hubadilika kidogo. Hiki ndicho kipengele kilichoachwa katika mlinganyo.

Tofauti baina ya njia hizi si ya kinadharia tu. Katika uhamisho wa nishati, umbali unaohesabiwa ni kutoka kitovu cha chembe moja hadi kitovu cha nyingine. Katika kupenya, umbali unaohesabiwa ni kutoka ukingo hadi ukingo. Tuchukue chembe za nanomita 4 zenye mwanya wa nanomita 1.1. Umbali wa vitovu ni nanomita 5.1. Tukipunguza mwanya hadi nanomita 0.9, umbali wa vitovu hupungua kwa asilimia 4 tu, na kasi ya uhamisho huongezeka kwa zaidi ya robo. Lakini mwanya wenyewe umepungua kwa asilimia 18, na ni mwanya huo ambao elektroni inapaswa kuuvuka. Mwandishi anayeandika "umbali baina ya chembe" bila kusema ni umbali upi amewaacha wasomaji wake na namba isiyo na maana moja.

Umuhimu wa mwanya unaonekana pia katika matumizi. Mtengenezaji wa kiwambo cha kuoneshea picha hutaka chembe ziwe mbalimbali, ili nishati isipotee kwa kupokezana njiani. Mtengenezaji wa seli ya jua hutaka chembe ziwe karibu, ili chaji isafiri hadi kwenye waya. Kauli ya "ukubwa huamua rangi" haimsaidii mmoja wala mwingine katika uamuzi huo.

5.0 Uhakiki wa Hoja ya Mhamo Mwekundu

Sasa tunaweza kulikabili swali gumu: ni nini hutokea utando unapowekwa chini ya kanieneo? Jaribio hufanywa kwa kubana sampuli kati ya ncha mbili za almasi. Kimiminika, mara nyingi mchanganyiko wa methanoli na ethanoli kwa uwiano wa 4:1, husambaza kanieneo sawasawa pande zote, na kipande kidogo cha yakuti nyekundu huwekwa ndani kama kipimo, kwa kuwa nuru yake husogea kwa kiasi kinachojulikana.

Kanieneo hugusa umbali wote mara moja. Atomu husogeleana, katika selenaidi ya kadmiamu, hilo huivuta nuru kuelekea buluu. Kipenyo hupungua kidogo. Hilo nalo huivuta kuelekea buluu. Ligandi, ambazo ni laini kuliko fuwele, huweza kugandamizwa zaidi. Mwanya hupungua, na muungano wa chembe huivuta nuru kuelekea nyekundu. Kinachopimwa ni jumla ya mivutano hii. Kwa hiyo mtafiti akiona utando unasogea kuelekea buluu kwa kiasi kidogo kuliko alivyotarajia, hushawishika kusema kuwa tofauti iliyobaki ni kazi ya muungano wa mawimbi.

Hoja hiyo inaweza kuwa sahihi, ila haijakamilika hadi ivuke vikwazo vinne.

(a) Lazima kuwe na kilinganishi. Chembe zilezile, kutoka katika chupa moja, zipimwe pia zikiwa mbalimbali katika kimiminika chini ya kanieneo ileile. Bila kilinganishi, "kiasi kilichotarajiwa" kinatoka katika vitabu, navyo hutofautiana.

(b) Ufyonzaji na utoaji wa nuru vipimwe vyote viwili. Katika utando wenye chembe za vipenyo vinavyotofautiana kidogo, nishati huhamia kwa chembe kubwa, na nuru inayotolewa husogea kuelekea nyekundu ingawa hakuna chembe hata moja iliyobadilika. Uhamisho wa namna hiyo hausogezi ufyonzaji. Kama utoaji pekee ndio uliosogea, mshukiwa wa kwanza ni uhamisho wa nishati, na muda wa uhai wa nuru upande wa buluu wa spektra utathibitisha kwa kufupika.

(c) Lazima ijulikane kimiminika kiko wapi. Pombe inaweza kupenya ndani ya utando na kukaa katika mwanya. Ikishaingia, hubeba sehemu ya kanieneo, na chembe huenda zisikaribiane kama inavyodhaniwa. Inaweza pia kuondoa baadhi ya ligandi. Mwanya unapaswa kupimwa kwa mtawanyo wa eksirei. Haufai kukisiwa kutokana na kanieneo.

(d) Nyenzo izingatiwe. Katika salfaidi ya risasi, chembe iliyo peke yake husogea kuelekea nyekundu inapogandamizwa. Kuuita mhamo huo ushahidi wa ujirani ni kumshtaki jirani kwa kosa la mwenye nyumba.

Vikwazo hivi havikusudiwi kuonesha kuwa kanieneo ni chombo kibaya cha kuchunguza mwanya. Kinyume chake, ni chombo chenye faida ya pekee: mtafiti huweza kubadili mwanya hatua kwa hatua katika sampuli moja, bila kubadili ligandi na bila kutengeneza chembe upya. Faida hiyo hupatikana pale tu anapojua ni umbali upi aliougusa.

6.0 Pengo, Mwanya na Suala la Istilahi

Mhakiki anayeandika kwa Kiswahili analazimika kuuliza swali la nyongeza: je, lugha yetu inabeba tofauti hizi au inazifuta? Jibu linategemea uteuzi wa maneno. Nchini Tanzania, mwanafunzi wa shule ya msingi ya serikali husoma sayansi kwa Kiswahili, kisha hukutana na fizikia ya sekondari kwa Kiingereza. Maandishi ya Kiswahili kuhusu fizikia ya juu ni machache, na kwa hiyo kila mwandishi hujikuta akichagua istilahi peke yake. Uteuzi mbaya huzaa makosa ya kifizikia, hata pale sarufi inapokuwa safi.

Mfano ulio wazi ni maneno "pengo" na "mwanya". Yote mawili huweza kutumika kwa nafasi tupu, na mwandishi asiye makini huweza kuandika "mwanya wa nishati" katika aya moja na "mwanya wa chembe" katika aya inayofuata. Msomaji wa sentensi "kanieneo hupunguza mwanya" hawezi kujua kama nuru itakuwa nyekundu kwa sababu nishati imepungua, au kwa sababu chembe zimekaribiana. Hilo ndilo kosa lililohakikiwa katika sehemu ya tano, sasa likiwa limeingizwa ndani ya neno.

Matumizi ya kawaida ya Kiswahili yanatupa njia. Mtu mwenye pengo amekosa jino mahali ambapo lingekuwapo. Mtu mwenye mwanya ana meno yake yote, ila mawili ya mbele yameachiana nafasi, na watu wengi huhesabu hilo kuwa uzuri. Pengo linahusu kutokuwapo. Mwanya unahusu vitu viwili vilivyopo. Masafa ya nishati yasiyo na hali ya elektroni ni pengo. Nafasi kati ya chembe mbili ni mwanya. Inapendekezwa kwamba tofauti hii izingatiwe bila kuchanganywa, na kwamba "mwanya" umaanishe umbali wa ukingo kwa ukingo, huku umbali mwingine ukiitwa wazi "umbali wa vitovu".

Hali ni hiyohiyo kwa "kanieneo" na "mgandamizo". Kanieneo, kama neno lenyewe linavyojieleza, ni kani kwa kila eneo. Ni kile mtafiti anachokitumia. Mgandamizo ni kile nyenzo inachokipata. Fuwele na ligandi zilizo chini ya kanieneo moja hupata migandamizo isiyolingana, na tofauti hiyo ndiyo kiini cha jaribio zima. Anayetumia neno moja kwa yote mawili amepoteza jaribio kabla ya kulieleza.

Neno "nukta" nalo lina kasoro yake, kwa kuwa nukta ya jiometri haina ukubwa, ilhali kitu hiki kimepata umaarufu kwa ukubwa wake. Hata hivyo, neno hilo limekwisha kuzoeleka, na kasoro hiyo haimpotoshi msomaji katika hitimisho lolote. Si kila istilahi isiyo kamili inahitaji kubadilishwa. Inayohitaji kubadilishwa ni ile inayozalisha jibu lisilo sahihi.

7.0 Hitimisho

Uhakiki huu umeonesha kuwa kauli ya "ukubwa huamua rangi" ni mwanzo mzuri na mwisho mbaya. Hesabu nyepesi imebainisha kuwa kisanduku kinachobanwa hakielezi sehemu kubwa ya badiliko la rangi chini ya kanieneo, na mfano wa salfaidi ya risasi umebainisha kuwa hakielezi hata mwelekeo wake. Imeoneshwa pia kuwa mwanya baina ya chembe hufanya kazi kwa kanuni zaidi ya moja, na kuwa mhamo mwekundu wa utando haujawa ushahidi wa muungano wa mawimbi hadi pale kilinganishi, ufyonzaji, mwanya uliopimwa na tabia ya nyenzo vitakapokuwa vimezingatiwa.

Kwa mwalimu na mwandishi wa Kiswahili, pendekezo ni rahisi kutekelezwa. Kila anapoeleza rangi ya nukta kwanta, aseme chembe iko wapi: peke yake katika kimiminika, au miongoni mwa wenzake katika utando. Kila anapoandika kuwa umbali umepungua, aseme ni umbali wa atomu, kipenyo, au mwanya. Maneno hayo matatu yanatosha kumwezesha mwanafunzi kuisoma ripoti yoyote ya jaribio la kanieneo na kuuliza swali ambalo mwandishi wa ripoti alipaswa kulijibu.